Kioo Kipi? Tunamuaga Mama Kunegunda wa Chumba cha Macho

Kabla sijamfikia mwenye shughuli, nijitambulishe kidogo, maana si kila siku dereva wa hospitali anapewa karatasi aandike. Mimi Egidi Ndunguru nilizaliwa na bahati ya macho. Wenzangu walirithi mashamba ya kahawa kule Mbinga, mimi nikarithi macho. Nimeshavuka hamsini, nimefika Lusaka, Blantyre, na Nairobi mara mbili, nimeegesha gari miaka yote hii mbele ya chumba cha kupimia macho, na miwani sijawahi kuivaa hata ya kuazima. Gazeti nalisoma mpaka yale maandishi ya chini kabisa yanayosema limepigwa chapa wapi. Ndivyo Mungu anavyogawa. Shule alininyima kidogo, macho akanijazia.

Haya, tumgeukie yeye sasa. Mama Kunegunda Kapinga, muuguzi wa macho, anastaafu tarehe 30 Juni 2002 baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Sherehe ya kumuaga ni Jumamosi, tarehe 29. Kesho yake ni fainali ya Kombe la Dunia, kwa hiyo wasemaji wote wanaombwa wajue pa kukomea.

Aliajiriwa mwaka 1968, msichana mwembamba wa Kimatengo, akapangiwa wodi ya watoto. Baadaye akapelekwa kozi ya macho, akarudi Songea na tochi, chati ya zile E zinazolala na kusimama, na sauti. Ile sauti hakufundishwa na mtu. Akimwambia mgonjwa chumbani atazame juu, sisi tuliokuwa nje chini ya mabati tulitazama juu pia.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Kwake jicho lilikuwa nyumba. Mbele kabisa kuna kioo, kama kioo cha dirisha. Nyuma ya kioo kuna pazia, jeusi au la kahawia, kadiri Mungu alivyokata kitambaa. Katikati ya pazia kuna tundu la kupitisha mwanga, na ndani kwenye ukuta wa nyuma ndipo picha inapobandikwa. Mkulima wa Namtumbo aliyeingia akidhani karogwa alitoka akijua ni dirisha lake tu lina vumbi. Madaktari wageni walisema neno konea, sisi tukatikisa vichwa kwa adabu. Mama Kunegunda akisema kioo, kila mtu alielewa. Au ndivyo tulivyodhani.

Maneno ya macho, jamani, yana mitego. Aliwahi kumwambia mzee mmoja kwamba ana mtoto wa jicho na inabidi huyo mtoto atolewe. Mzee akamgeukia mkewe haraka haraka akaapa kwamba nje hana mtoto yeyote, hayo ni maneno ya watu. Mkewe alikuwa hajauliza kitu. Ilibidi Mama Kunegunda awapatanishe kwanza, ndipo ampeleke mzee kwenye upasuaji, na naambiwa alipofunguliwa bandeji na kumwona mkewe vizuri alirudia kuapa.

Miaka ile ya shida, madukani hamna kitu, alikaza mikono ya miwani kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Ukiona mtu mjini ana miwani yenye harufu ya pancha, ujue katoka kwake. Kisha ikaja soko huria, na mambo yakageuka kichwa chini. Miwani ya mitumba ikamwagwa juu ya turubai sokoni, mtu anachuchumaa, anajaribu moja baada ya nyingine, anasoma kipande cha gazeti, anaondoka nayo. Katekista Romanus wa Ruhuwiko alichagua ya kike, ya rangi ya waridi, yenye pembe kama kipepeo. Akaja nayo kliniki kifua mbele. Mama Kunegunda akampima kwa uaminifu, akatoa hukumu: "Macho yamekubali, Katekista. Sura ndiyo inakataa." Romanus akasoma somo kanisani nayo mpaka Pasaka.

Lakini mimi sikupewa karatasi hii kwa ajili ya vipepeo. Nimepewa kwa sababu nilikuwepo kwenye ile habari ya Nasrin, na mkuu wa kitengo anadhani nikiwepo mahali basi nimeelewa. Mpaka leo kichwa kinanizunguka. Nitaieleza kama ilivyokuja.

Nasrin ni binti wa Bwana Swalehe, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru ambaye alijenga hapa Songea, mtaa wa Mfaranyaki. Mama yake husimamia duka Tunduru, hivyo hapa mjini mtoto alikuwa akilelewa na bibi yake mzaa baba, Bibi Biasha. Mwaka 1999 alikuwa na miaka tisa na alikuwa haoni mbali kabisa. Karibu, sawa. Kwa mbali, mbuzi na kichaka vilikuwa kitu kimoja. Mama Kunegunda alimpatia miwani yenye vioo vinene, na shuleni wenzake wakampa jina: Bibi Chupa. Watoto hawana huruma. Mtoto akawa anaivua akifika getini na kuivaa akirudi nyumbani, ili bibi asijue. Ubaoni akawa anakisia.

Baba mtu alikuwa ameanza kwenda Hong Kong kununua bidhaa, maana enzi hizi korosho inaondoka na redio inarudi. Likizo ya Desemba akamchukua binti yake. Kule, watoto wengi wa shule hawaoni mbali, na kuna wataalamu wanaowatengenezea vioo vidogo, vigumu, vya kuweka ndani ya jicho wakati wa kulala. Asubuhi unavivua, na mchana kutwa unaona bila miwani. Nasrin alipimwa, akatengenezewa vya kwake, akafundishwa kuviosha kwa maji maalumu ya chupa, akarudi Songea Januari 2000 akiwa mtoto mwingine.

Hapo ndipo mji ulipochanganyikiwa. Mwalimu Judica, aliyekuwa mwalimu wake wa darasa, aliandika hesabu ubaoni na Bibi Chupa akaisoma toka dawati la nyuma, bila miwani. Mwalimu akafuta, akaandika nyingine kwa herufi ndogo zaidi. Akasoma. Mtaani wengine wakasema ni dua za bibi yake, wengine wakasema ni maombi ya jirani mlokole, na kila upande ukawa unapokea pongezi. Mwalimu Judica, ambaye hapendi kuchanganyikiwa peke yake, akamleta kliniki.

Mama Kunegunda akampima. Akampima tena. Akageuza chati juu chini, akidhani mtoto amekariri. Mimi nilikuwa mlangoni, nilimwona akikaa kwenye kiti cha wagonjwa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nasrin akamweleza kwa upole, kama anayemfundisha mdogo wake: usiku navaa, asubuhi navua. Mama Kunegunda akauliza kama hajakosea, ni mchana navaa, usiku navua. Mtoto akasema hapana, Mama, hivyo ndivyo ilivyo miwani. Hivi ni vioo vya usiku.

Hatukupata usingizi na jambo hilo. Mtu avae miwani akiwa amelala, aote vizuri? Mama Kunegunda akampigia simu daktari bingwa mmoja aliyewahi kumfundisha. Daktari akasema si uchawi wala uongo. Kile kioo cha mbele cha jicho ni laini kidogo, na kile kidude kigumu hukikandamiza taratibu usiku, kioo kinashika umbo jipya mchana, na mbali kunaonekana. Ukiacha kuvaa, kinarudi kilivyokuwa. Mimi nikasema basi ni kupiga pasi, shati unalinyoosha usiku, jioni ya kesho limejikunja. Daktari kule kwenye simu akacheka, akasema dereva wako ameelewa. Nilitembea na sentensi hiyo mwezi mzima. Lakini alisema na jambo jingine, ambalo sikulibeba mjini kwa sababu halikunisifu: vinafanya kazi vizuri pale ambapo mtoto anachunguzwa kila mara na vinaoshwa kwa dawa yake. Maji ya bomba yasiviguse. Kioo cha jicho kikichubuka usiku kwa usiku, vijidudu vinaingia, na kidonda kikikaa katikati kinaacha kovu. Kovu la katikati ni pazia lisilofunguka. Mama Kunegunda akamwita Bibi Biasha, akamweleza, na wakawa wanakuja kila wiki.

Mwezi wa tatu maji ya chupa yalikwisha, na Bwana Swalehe alikuwa safarini, hayuko wa kuagizwa. Bibi Biasha, mwanamke msafi kuliko sabuni, akachemsha maji ya bomba, akayapoza, akaoshea hayo. Jicho la kulia likawa jekundu. Wakaja.

Mama Kunegunda akatia tone la dawa ya njano, akawasha tochi ya mwanga wa bluu, na pale pembeni mwa jicho pakang'aa kijani. Mkwaruzo. Mdogo, lakini upo. Akatoa chupa ya dawa ya matone na maelekezo, na mimi niliyasikia kwa masikio yangu, kwa sababu ile sauti hata watu wa mtaa wa Bombambili waliisikia: "Bibi, kioo kina mkwaruzo. Kitieni dawa hii kila saa, kisikose. Na hiyo miwani asivae hata kidogo. Mrudi keshokutwa." Bibi Biasha akasema sawa mwanangu, Mungu akubariki. Kila mtu akaridhika, nami nikafungua mlango wa gari nikijisikia daktari.

Keshokutwa hawakuja. Nikatumwa Mfaranyaki kuuliza. Bibi Biasha akatoka kibarazani akiwa na furaha, akanipa salamu za kufikisha na mfuko wa korosho za kukaanga: "Mwambie Mama Kunegunda kioo kimepona. Mkwaruzo wote umekwisha, kinang'aa kama kipya." Niliuliza mtoto yuko wapi, akasema kalala, hajisikii vizuri, homa hizi za masika. Nikarudi. Korosho zilipungua njiani, barabara ilikuwa mbovu.

Nikafikisha salamu. Mama Kunegunda akafurahi, akatia korosho moja mdomoni, akatafuna. Kisha akaacha kutafuna. Akaniuliza bibi huyo kauonaje mkwaruzo. Nikasema kwa macho, Mama. Akasema yeye mwenyewe hauoni bila dawa ya njano na tochi ya bluu, je, bibi wa miaka sabini ameuona na taa ipi? Nikasema labda ni bahati ya macho kama mimi. Alikuwa ameshachukua tochi na kuelekea kwenye gari, na funguo zilikuwa kwangu, kwa hiyo ilibidi nimkimbilie.

Tulimkuta Bibi Biasha na furaha yake ile ile. Mama Kunegunda akamwamkia shikamoo, na bibi kabla hajamaliza kuitikia akaingia ndani, akatoka na kikasha, akachukua kile kioo cha Hong Kong kwa ncha za vidole na kukiinua ili jua lipite. "Tazama mwenyewe, mwanangu. Kina mkwaruzo hapa?"

Hakikuwa na mkwaruzo. Kwa siku mbili alikuwa amekitia dawa kila saa, bila kukosa, akiinuka kukitia hata kati ya sala ya adhuhuri na ya alasiri. Jioni alikipangusa na kumrudishia mtoto alale nacho, kwa sababu kioo kilichotiwa dawa ndicho kitamponya. Na ile miwani? Hiyo alikuwa ameifungia sandukuni na kufuli, ile ya zamani, ya vioo vinene, ili mtoto asiivae hata kidogo, kama alivyoagizwa. Mama Kunegunda alikuwa amesema kioo akimaanisha jicho. Nyumba hiyo kioo ni kile cha kwenye kikasha. Alikuwa amesema miwani akimaanisha kile cha kwenye kikasha. Nyumba hiyo miwani ni miwani. Ndugu wasomaji, someni tena sentensi hizo taratibu. Hata mimi nilizichora kwa kijiti mavumbini ndipo nikapata picha. Kila mtu alisema kweli. Kila mtu alitii. Na jicho la mtoto halikuwa limepata hata tone moja.

Nasrin alikuwa chumbani amejifunika kanga usoni, hataki mwanga. Mama Kunegunda alipoinua kanga aliniita kwa mnong'ono. Mimi sijawahi kumsikia mama huyu akinong'ona, na ndipo nilipoogopa. Penye mkwaruzo palikuwa na doa jeupe, na doa lilikuwa limeanza safari kuelekea katikati.

Tulimbeba. Nimeendesha magari mengi, lakini siku hiyo toka Mfaranyaki mpaka wodini sikumbuki shimo hata moja. Daktari bingwa akawa anaelekeza kwa simu, daktari wetu wa hapa akachanganya dawa kali zaidi, na Mama Kunegunda akahamia wodini. Kila saa, tone. Safari hii ndani ya jicho, kwa mkono wake mwenyewe. Bibi Biasha alikaa mguuni mwa kitanda bila kula, akirudia kumuuliza kila apitaye kama amemuua mjukuu wake. Ikafika siku ya tatu, doa limesimama. Halijarudi nyuma, lakini limesimama. Mama Kunegunda alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za wodi, akaniomba zile korosho. Nikamwambia ukweli kuhusu barabara mbovu.

Bwana Swalehe aliporudi alikuja kliniki moja kwa moja, vumbi la safari bado mabegani, na hasira zake zote zilikuwa juu ya mama yake mzazi. Alisema mbele ya wagonjwa kwamba mama kazeeka, haelewi, na mtoto ataondolewa mikononi mwake. Bibi alikuwa amesimama hapo hapo, ameinamisha kichwa. Hapa ndipo ile sauti ilipofanya kazi yake kubwa kuliko zote nilizoshuhudia. "Mama yako alifanya kila neno nililomwambia, na kwa saa yake. Neno ndilo lilikuwa bovu, na neno lilikuwa langu. Ukitaka wa kumgombeza, nipo." Bwana Swalehe alimtazama muuguzi, akamtazama mama yake, halafu akapiga goti akamwamkia mzee wake shikamoo, kitu ambacho kwa hasira alikuwa amekisahau. Nasrin hakuondolewa. Anaishi na bibi yake mpaka leo.

Jicho lilipona. Kovu lipo, dogo, pembeni, halizuii kitu. Daktari akasema vioo vya usiku basi, maana Songea hakuna wa kumchunguza kama kule, na mtoto akarudi kwenye miwani yake minene. Hilo lilimuuma kuliko kidonda.

Tangu siku hiyo Mama Kunegunda alibadili namna yake ya kazi. Hakuacha nyumba yake ya kioo na pazia, ila kila mgonjwa lazima arudie maelekezo kwa mdomo wake, na aguse kwa kidole. Ukisema nimeelewa, kioo kinatiwa dawa, yeye anauliza: "Kioo kipi? Onyesha." Usipogusa chini ya jicho lako mwenyewe, hutoki. Padri aligusa. Kamanda aligusa. Mimi niliwahi kugusa kioo cha gari kwa utani, nikapewa mgongo wiki nzima. Sasa akipita Bombambili wauza nyanya wanamwamkia kwa kuuliza kioo kipi, naye anaweka kidole chini ya jicho na kuendelea na safari. Waliobaki kitengoni wameapa kukitunza kidole hicho.

Mama Kunegunda, sasa unakwenda Ruhuwiko kwenye nyumba yako yenye madirisha ya kweli. Asante kwa miwani yenye harufu ya pancha. Asante kwa saa zote ulizozihesabu kwa matone. Asante kwa kukubali kuwa neno lako lilikosea mbele ya watu waliokuwa tayari kumwachia bibi kizee mzigo. Mungu akupe siku ndefu, mahindi ya kutosha, wajukuu wanaorudia unachowaambia, na dirisha lisilo na vumbi.

Nimebakiwa na jambo moja. Jumamosi, zawadi itakabidhiwa na Nasrin mwenyewe, ambaye sasa yuko darasa la saba. Juzi aliniuliza kwa siri, Babu Egidi, wakati wa picha naweza kuvua miwani? Mimi nikamcheka, nikamwambia usiniulize mimi mwenye macho ya bahati. Akaondoka akiwa ameishika mkononi. Sikulala vizuri.

Kwa hiyo Nasrin, ukisoma hapa, soma na hili: ile bahati niliyoanza nayo ni uongo. Mama Kunegunda alinipimia miwani miaka mitano iliyopita, huwa naificha chini ya kiti cha gari, na haya yote nimeyaandika nimeivaa, maana bila hiyo karatasi hii kwangu ni nyeupe. Kwenye picha nitasimama karibu yako. Nitakuwa nayo usoni.